Kibao cha Mbele ya Mapipa

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, na baba amemkalisha Kidega kwenye kibao. Naandika tarehe ili nisije nikasahau.

Kibao chenyewe si kitu cha kutazamwa. Ni ubao wa mvule uliopigiliwa miguu minne, umewekwa mbele ya mapipa matano ya mafuta katika duka letu la Kisenyi. Lakini anayekikalia ndiye mpimaji. Waendesha boda wa hapa hawataki chupa iliyofungwa kiwandani. Wanataka nusu lita, au kikombe, na wanataka iliyoonjwa. Baba huchovya kidole gumba, akakisugua na kidole cha shahada, akanusa, kisha akasema: hii ya injini, hii ya shokapu za mbele, hii ya cheni. Hapo ndipo mtu hutoa chupa yake. Babu alifanya hivyohivyo, na wote wawili hawakuwahi kuandika neno juu ya pipa. Baba husema maandishi ni ya watu wasiojua wanachouza.

Mimi Umulkheir ni binti yake wa pekee. Nina miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo nimeikaa dirishani nikiuza plagi, balbu na mipira ya ndani. Kidega ana miezi mitano tu dukani. Ni mtoto wa sajini wa polisi, amelelewa kambini Nsambya, na aliletwa kubeba mapipa. Leo baba amemshika mkono, mkono kabisa, akamchovya kidole kwenye pipa la tatu, akamwuliza, "Unasikia nini?"

Mimi hajawahi kuniuliza ninasikia nini.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Mvua. Nilikuwa nimekasirika kabla hata ya njaa.

Jumamosi, 16 Machi

Kidega ni Mkatoliki, hafungi. Mchana hujificha nyuma ya matairi na chapati yake, kwa heshima. Leo baba amemkuta huko. Nikajua atamkaripia. Badala yake akamwambia atoke, akae mbele, ale kama mtu, maana anayebeba mapipa hawezi kungoja magharibi. Kisha akamtafutia kiti. Kile cha kwangu.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponikuta na kipande cha andazi siku ya kumi na tano ya mfungo. Hakunipiga, ila hakusema nami hadi Idi. Nimeyakumbuka hayo leo huku nimesimama kwenye dirisha langu bila kiti, na roho iliniuma mpaka nikaona aibu mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Ninajua kuonja. Nilijifunza kwa kutazama, halafu kwa kuiba.

Kila wiki nachota kidogo kwenye kila pipa, nakwenda navyo nyumbani katika vikombe vitano vya kahawa, navipanga jikoni. Nafumba macho, navichanganya, naonja kwa kidole. Mwaka wa kwanza nilikosea kila kitu. Sasa sikosei. Mafuta ya shokapu ni mepesi, hukimbia kidoleni kabla hujaamua. Ya cheni ni mazito na yananata, na hunuka kiberiti kidogo. Ya breki si mafuta hasa, yana ubaridi, na ukiyadondosha kwenye rangi ya tangi utalia, maana yanaibabua.

Kazi iko kwenye mawili yaliyobaki, ya injini ya gari na ya injini ya pikipiki. Tunauza yote mawili kwa sababu ya mafundi wa magari wa hapo nyuma. Rangi yao moja. Mtu asiyejua atasema injini ni injini. Lakini klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya mafuta yaleyale ya injini, na mafuta ya gari yametiwa dawa ya kulainisha, kwa hiyo visahani vya klachi hushindwa kushikana. Injini inalia, gurudumu halisukumi. Ukiyasugua vidoleni, ya pikipiki yanakamata kidogo mwishoni. Ya gari yanakwenda tu. Ni tofauti ndogo, na watu wengi huifanyia kazi miaka bila kuisikia.

Kidega ataisikia lini? Na kwa nini afundishwe yeye?

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kutwa. Kidega amesikia tofauti ya pipa la tatu na la nne. Baba alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mama afariki. Sikufuturu vizuri.

Alhamisi, 28 Machi

Nimegundua tabia ya huyu kijana. Kila asubuhi, kabla baba hajafika, anayapanga mapipa upya. La mafuta ya injini ya pikipiki liwe la tatu, la gari la nne, hata kama yalisogea kwa sentimeta chache tu. Anayagusa moja moja kama mtu anayehesabu watoto. Nikamwuliza kwani mapipa yanaoa. Akasema, "Mzee napenda ikae hivyo, dada." Kujipendekeza tu. Mtu akitaka kupendwa na baba yangu anaanza na mapipa yake.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Baba amemshonea Kidega shati la kitambaa kilekile cha shati lake. Walitoka pamoja kuwapelekea majirani sahani za pilau, pilau niliyoipika mimi, wamefanana kama baba na mwana. Shangazi Nusura akaniuliza mbona uso wangu ni wa msibani. Nikamwambia ni vitunguu.

Jumatatu, 15 Aprili

Maji yameingia dukani alfajiri, yamefika kwenye kifundo cha mguu. Mimi na Kidega tumeyapandisha mapipa juu ya matofali, popote tulipopata nafasi. Maji yalipopungua, Kidega akataka kuyarudisha kila moja mahali pake. Nikamwambia kwanza aende Bwaise kwa msambazaji akachukue balbu. Akasema, "Dada, naomba nimalize hii kwanza, dakika kumi." Nikamwuliza, mimi ndiye niliyemkuta hapa au yeye ndiye aliyenikuta? Akaenda, saa mbili asubuhi. Njia zilikuwa zimejaa maji, akarudi baada ya alasiri, amelowa. Balbu zenyewe zilikuwa hazina haraka yoyote. Nilitaka tu nimwone akitumwa.

Jumatano, 17 Aprili

Bonny amevunjika mguu.

Bonny ni mwendesha boda wa steji, kituo chao cha hapo kona, mteja wetu tangu anunue pikipiki yake ya kwanza. Jana jioni alikuwa anampandisha mwalimu mmoja mlima wa Kibuli, mvua inanyesha. Katikati ya mlima injini ikaanza kupiga kelele na pikipiki isiende. Akaongeza moto, ikalia zaidi, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Mwalimu aliruka akapona. Bonny alitaka kuizuia kwa mguu, pikipiki ikamwangukia, kifundo kikavunjika. Fundi aliyefungua injini alikuta klachi imeteleza mpaka imeungua, na mafuta ndani ni ya gari.

Leo saa nne wamekuja waendesha boda kumi na mbili. Mbele yao Abubaker, mwenyekiti wa steji, mtu mpole ambaye upole wake unatisha. Alikataa kiti. Akasema, "Haji, sisi nakuja kuuliza kitu moja tu. Juzi nani alipima mafuta ya Bonny?"

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Kabla sijafumbua kinywa nikasikia sauti nyuma ya mapipa.

"Ni mimi," Kidega akasema. "Mimi nachanganya pipa. Mzee hakuona."

Abubaker alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia baba, akasema steji haitanunua tena mahali ambapo watoto wanajifunzia kwenye miguu ya watu. Akasema watakuja tena Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, wakute jambo hili limekwisha. Baba aliitikia kwa kichwa.

Na mimi? Niandike ukweli, daftari hili si la mtu mwingine. Nilifurahi. Nilifunga dirisha mapema nikapika kuku.

Ijumaa, 19 Aprili

Baba ameniambia baada ya chai kwamba Kidega ataondoka Ijumaa ijayo, mbele ya steji, na kwamba kibao kitakuwa changu. Alilisema hilo akitazama kikombe. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka tisa. Nikasema, haya.

Jumapili, 21 Aprili

Sijalala vizuri siku mbili, nikidhani ni furaha.

Leo nimefungua daftari hili nyuma kidogo kutafuta siku ya mafuriko, nimalizie hesabu ya balbu. Nikasoma nilichoandika. Kidega aliondoka saa mbili, akarudi baada ya alasiri. Bonny alijaza mafuta siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Najua kwa sababu nilikuwa najifunga mtandio niende kuswali aliponisalimia mlangoni na chupa yake tupu, na niliporudi alikuwa amekwisha kwenda. Dukani alibaki mtu mmoja.

Nimekaa na kalamu mkononi mpaka chai imepoa. Mapipa yalikuwa yamehama. Baba alikaa kwenye kibao chake, akachota pipa la tatu kama kawaida, akachovya kidole, akasugua, akanusa, akasema ni ya injini ya pikipiki. Yalikuwa ya gari. Baba yangu, ambaye watu huja hata kutoka Bwaise kwa ajili ya kidole chake.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefanya jambo baya, na ningelifanya tena.

Nimemwekea baba vikombe viwili vya kahawa vyenye mafuta mezani baada ya chakula. Nikamwambia, baba, nionjee hivi, nimesahau kipi ni kipi. Alinitazama akajua kuna kitu, lakini si mtu wa kukataa kuonja. Alichovya kidole kwenye kimoja, akasugua sana. Akachovya kwenye cha pili, akasugua zaidi. Akasema hiki cha pikipiki, hiki cha gari.

"Vyote nimevichota pipa moja, baba. La shokapu."

Shokapu! Mafuta mepesi ambayo hata mtoto angeyajua. Baba alifuta vidole kwenye kitambaa polepole, kimoja kimoja, pamoja na vile ambavyo havikuwa na mafuta.

"Tangu mwezi wa kumi," akasema. "Ni sukari. Daktari alinidunga sindano kidoleni, nikamwuliza ataanza lini."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwuliza jinsi alivyokuwa akipima. Akasema kwa mahali. La tatu ni la tatu. Kidega aliligundua hilo wiki yake ya pili, siku alipokuwa amelisogeza pipa na baba akakosea mbele yake. Hakumwambia mtu. Tangu hapo akawa anayapanga kila asubuhi, na baba akaanza kumfundisha, ili siku moja kiwepo kidole kinachosikia. Ndiyo maana alicheka siku ile.

Nikamwuliza kwa nini yeye. Vidole vyangu vipo, nikasema. Vimekuwepo miaka tisa.

Baba alisogeza kikombe kimoja kando. Kisha akasema, "Kidega jioni anakwenda kwao. Wewe tunakula sahani moja. Sikutaka unitazame kila siku ukiwa unajua."

Nikamwambia na sasa unamfukuza kwa kosa lako. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuyapenda. "Kibao si ndicho ulichokuwa unakililia?" akasema. "Basi kikalie."

Hivyo aliona. Miaka yote hiyo aliona.

Jumanne, 23 Aprili

Nilimngoja Kidega nje kabla hajafungua duka. Nikamwambia najua. Hakushtuka. Alionekana tu amechoka. Nikamwambia Ijumaa nitasema ukweli mbele ya steji.

"Acha, dada," akasema. "Mimi nitapata kazi ingine. Mzee hawezi kupata jina ingine."

Kisha akaingia kuyapanga mapipa.

Nimefikiri juu ya maneno hayo kutwa nzima. Ningependa kuandika kwamba nilimheshimu. Nilimwonea wivu zaidi ya siku zote. Nilidhani anapendwa kuliko mimi, na hilo ningelivumilia. Kumbe yeye ndiye anayempenda baba kuliko mimi. Anampenda bila kutaka kibao.

Alhamisi, 25 Aprili

Nikinyamaza, nina kibao na baba ana jina. Kidega tu ndiye anayekosa, na amekubali mwenyewe. Nimelizungusha kila upande. Kila mtu ameridhika isipokuwa vidole vya baba, ambavyo kesho kutwa, nikienda kuswali, vitachota tena pipa lililohama.

Mvua kubwa. Maji yamefika mlangoni.

Ijumaa, 26 Aprili

Walikuja baada ya swala, wengi kuliko mara ya kwanza. Bonny naye aliletwa, mguu kwenye plasta, amekaa juu ya kreti la soda. Baba alikuwa amevaa shati la Idi. Kidega alikuwa amevaa la kwake, lililofanana nalo, na mfuko wa nguo zake za kazi uko chini.

Baba alianza kusema kwamba kijana huyu leo anaondoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Nikatoka dirishani. Sijawahi kusimama upande ule wa duka wakati watu wamejaa.

Nikasema, "Kidega hakuwepo. Nilimtuma Bwaise bila sababu, kwa roho yangu mbaya, kabla hajarudisha mapipa mahali pake. Aliyepima ni baba. Vidole vyake havisikii tena."

Bonny ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alimwuliza baba, kwa upole ambao nadhani ulimchoma kuliko matusi, "Haji, kweli hii?"

Baba aliinuka kwenye kibao. Alipita katikati yao bila kugusa mtu, akatoka kwenye mvua kichwa wazi. Kidega akanyakua mwavuli akamkimbilia. Hakunitazama alipopita.

Nikabaki na watu ishirini na mapipa matano. Abubaker akauliza sasa nani atapima. Nilikaa kwenye kibao, nikafumba macho, nikawaambia wachote kutoka pipa lolote wanalotaka, waniletee. Wakaleta mara nane, na mara moja wakajaribu kunidanganya kwa kuleta pipa moja mara mbili. Nikawaambia. Abubaker akatoa chupa yake.

Kibao ni kigumu kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 4 Mei

Baba hajasema nami. Siku ya nane.

Jumatano, 8 Mei

Bado. Kidega alibaki kazini. Mimi ndiye niliyemwomba, na alikubali kwa neno moja. Kila siku saa kumi jioni anamchukua baba kwenda kumwona Bonny, kisha wanarudi wakizungumza. Wakifika mlangoni wanaacha kuzungumza. Steji imerudi. Wananiita Mama Kidole, na wateja wameongezeka. Ningekuwa mtu wa shukrani ningeshukuru.

Nilimwuliza Kidega wanazungumza nini njiani. Akasema, "Mambo ya zamani tu. Mambo ya mama yako." Mama yangu! Mimi baba hanisimulii habari za mama.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zinaisha. Asubuhi jua limewaka mpaka matope ya njia yamepasuka.

Nimenunua rangi nyeupe na brashi nikaandika juu ya mapipa. Sikumwomba mtu ruhusa. Ikiwa kibao ni changu, mapipa yataandikwa, ili hata mimi nikiugua yasimvunje mtu mguu. Nilikuwa naandika la tatu, INJINI YA PIKIPIKI, baba alipoingia na Kidega. Alisimama. Nilitega mgongo, nikingoja karipio la babu na la baba kwa pamoja.

Alikuja akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaifuata kama anayesoma msahafu. Rangi ilikuwa mbichi. Kidole kikajaa nyeupe, herufi ikavurugika, na yeye hakujua. Akaendelea na ya pili. Nilitaka kusema, baba, rangi.

Kidega ndiye aliyemshika mkono. Alichukua kitambaa begani mwake, akaanza kumfuta kile kidole taratibu, na baba alimwachia tu, kama mtu aliyezoea. Huku anafutwa akasema, akimtazama Kidega na si mimi, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake:

"Mwambie dada yako aandike herufi kubwa zaidi. Wasomaji wetu hawana macho."

"Dada," Kidega akasema, "Mzee nasema uandike kubwa."

Nikasema nimesikia. Nikachovya brashi nikaandika upya, kubwa. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kitambaa, na nilitamani kuwa mimi ndiye niliyekishika.